Msanifu Aliyehamia Ghorofa ya 26

Je, ndugu msomaji, umepata kumwona msanifu wa majengo akihamia katika nyumba aliyowachorea watu wengine? Mwaka 1968, jijini London, Ernő Goldfinger na mkewe Ursula waliiacha nyumba yao wakaenda kupanga katika ghorofa ya 26 ya Balfron Tower, jengo refu alilolisanifu mwenyewe kwa ajili ya wapangaji wa halmashauri ya jiji. Wakaishi humo miezi miwili.

Nyumba waliyoiacha haikuwa ya kawaida. Goldfinger, aliyezaliwa Budapest mwaka 1902 na kusomea usanifu Paris, alihamia London mwaka 1934. Mwaka 1939 alikamilisha nyumba tatu zilizoungana katika barabara ya Willow, Hampstead, akajitengea ile ya kati. Wakazi kadhaa wa mtaa walikuwa wameupinga vikali mpango huo. Ndani, samani nyingi alizibuni mwenyewe, na kuta za kukunja ziliwezesha vyumba kuwa kimoja. Humo zilikaa kazi za sanaa ya kisasa alizozikusanya: za Max Ernst, Henry Moore, na baadaye Bridget Riley. Hakuwa mtu wa kuzifungia. Mwaka 1942 nyumba hiyo ilifunguliwa kwa maonyesho ya kuichangia Urusi iliyokuwa vitani.

(Naam, ndilo jina la yule mwovu wa riwaya ya Ian Fleming ya mwaka 1959. Msanifu wetu hakufurahi hata kidogo, akawaendea mawakili.)

Huko Balfron, mume na mke waliwaalika wapangaji kwa zamu, ghorofa baada ya ghorofa, wakawanywesha shampeni na kuwauliza yanayowaudhi. Jambo moja lilidhihirika: lifti mbili hazikutosha. Trellick Tower, jengo lake la ghorofa 31 lililokamilika mwaka 1972, likapewa lifti tatu. Mwenye kupanda ngazi na ndoo ya maji ataelewa uzito wa badiliko hilo.

Goldfinger alifariki mwaka 1987. Tangu mwaka 1996 nyumba ya Willow iko wazi kwa umma, picha na viti vyake vikiwamo. Wapangaji wa Balfron hawakupata bahati hiyo. Katika miaka ya 2010 walihamishwa ili jengo likarabatiwe. Lilipokamilika, nyumba zao zilitengwa kwa wenye uwezo wa kulipa bei ya soko.