Mtaji wa Kwanza wa Matajiri wa Majengo Nairobi

Tajiri wa majengo jijini Nairobi hutambulika kwa maghorofa yake, ilhali utajiri wa wengi wa kizazi chake ulianzia kwenye barua ya ugawaji, yaani ahadi ya serikali ya kumpa mtu kiwanja cha umma kwa sharti la kulipa ada na kukiendeleza. Barua hiyo si hatimiliki, lakini katika miaka ya 1980 na 1990 iliuzwa kana kwamba ni hatimiliki, na aliyejuana na wakubwa aliipata kwa ada ndogo, akaiuza kwa bei ya soko, wakati mwingine kwa shirika la umma. Tume iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma na kutoa ripoti mwaka 2004 ilikadiria kuwa hati zipatazo 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002, karibu asilimia 98 zikiwa za kuanzia 1986. Mlango ulikuwa umefunguliwa tangu 1971, pale watumishi wa umma waliporuhusiwa kufanya biashara, hata afisa, mkandarasi na mwenye ploti wakaweza kuwa mtu mmoja.

Leo lalamiko linalosikika zaidi ni la mjenzi mdogo, ambaye hudai kuwa kinachomfilisi si bei ya saruji bali ni kungoja: riba ya mkopo huongezeka kila mwezi huku faili lake la kibali likiwa halijasogea, na ng'ambo ya barabara, Kilimani au Kileleshwa, jengo la mwenye jina likipanda ghorofa baada ya ghorofa. Huenda anatia chumvi, kwa kuwa wajenzi wadogo nao huongeza ghorofa zisizo kwenye ramani. Hata hivyo, anayeubeba mzigo huo mwishowe ni mnunuzi, maana mjenzi huuza nyumba zingali kwenye ramani, akipokea malipo kwa awamu kabla ya ujenzi kukamilika. Sheria ya mwaka 2020, inayompa mwenye nyumba ya ghorofani hati yake mwenyewe, haimfai sana anayesubiri jengo ambalo halijaisha.

Maafisa hujibu kwa takwimu moja: pengo la nyumba milioni 2, ambalo ndilo hoja ya tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara. Lakini maafisa hao hao husema mahitaji ni nyumba 250,000 kwa mwaka na zinazojengwa ni 50,000. Kwa hesabu hiyo pengo lingekua kwa milioni 1 kila miaka 5, na bado linatajwa kuwa milioni 2 mwaka nenda mwaka rudi.

Mradi wa nyumba wa serikali, unaogharimiwa na tozo hiyo, unaweza kuwapunguzia mabwanyenye hawa soko, au ukawapa zabuni mpya, na dalili za hilo la pili ndizo nyingi zaidi. Kiasi ambacho mabwanyenye hao huwachangia wanasiasa hakijulikani, na hata ukomo wa matumizi ya kampeni uliokusudiwa na sheria ya mwaka 2013 haukutumika katika uchaguzi wa 2017 wala wa 2022.