Swali alilojiandikia Wayne Shorter

Mwaka 1959 Wayne Shorter, kijana wa Newark, New Jersey, alitimiza miaka 26. Wapiga saksafoni ya tenori wa jazi wa rika lake walikuwa na mtihani mmoja, nao ni mpigaji mwenzao John Coltrane. Kwa Shorter mtihani huo ulikuwa karibu zaidi, kwa kuwa wawili hao walijuana na kufanya mazoezi pamoja. Aliyemsikiliza Shorter wakati huo alimsikia Coltrane ndani yake. Kufikia mwisho wa 1964 alikuwa anasikika Shorter mwenyewe. Inafaa kuuliza kilichobadilika.

Tuanze na neno "sauti". Tunaposema mpigaji "ana sauti yake" tunachanganya mambo mawili. La kwanza ni la mwili. Saksafoni, ambayo wapenzi wa dansi Tanzania huiita mdomo wa bata, hulia kwa sababu pumzi hutikisa ulimi mwembamba wa mwanzi uliobanwa kwenye kipande kinachotiwa kinywani. Ugumu wa ulimi huo, mbano wa midomo, hata umbo la koo, vyote hutia rangi katika mlio. Ndiyo maana watu wawili wakipokezana saksafoni moja hawalii sawa.

La pili ni uchaguzi: mpigaji anashika noti zipi, anaziacha zipi, ananyamaza wapi. Mlio wa mwili mtu huzaliwa na nusu yake. Uchaguzi hauji hivyo, na hapa ndipo wengi hukwama.

Jazi ninayoizungumzia si ile ya jina la Morogoro Jazz au Western Jazz, ambako neno hilo lilikuwa na maana ya bendi ya dansi. Katika jazi ya Marekani wapigaji hutanguliza tuni ya wimbo, kisha mmoja mmoja hubuni tuni mpya papo hapo juu ya kodi za wimbo huohuo. Kodi ni noti kadhaa zinazolia kwa pamoja, mara nyingi kwenye piano. Katika nyimbo zilizozoeleka kodi hufuatana kwa njia inayotabirika: moja huvuta nyingine, na hiyo ikarudisha sikio nyumbani. Hali hiyo inafanana na maamkizi. Ukiamkiwa "Shikamoo", "Marahaba" imekwisha kutoka kabla hujafikiri. Vidole navyo, vikikutana na kodi za kila siku, hutoa jibu la kila siku, na jibu hilo kwa kawaida ni la mwalimu.

Kwa hiyo kijana anaweza kufanya mazoezi ya saa nane kwa siku na bado akabaki mwangwi. Anayetaka jibu jipya hana budi kubadili swali, na katika muziki huu swali ni wimbo.

Tuutazame mmoja kwa karibu. "Infant Eyes" ni wimbo wa polepole ambao Shorter alimtungia binti yake Miyako. Nyimbo nyingi za Marekani za wakati ule zimegawanyika katika vipande vya vipimo vinane (kipimo hapa ni mapigo manne), na sikio lililolelewa humo hutarajia kugeuka baada ya cha nane. Shorter anaongeza cha tisa. Vipande ni vitatu, vipimo kwa jumla 27. Juu ya vipimo hivyo tuni ni noti chache, ndefu, tulivu. Chini yake kodi zinateleza karibu kila kipimo, wala hazirudi nyumbani kwa njia ya mazoea. Msemo wa Coltrane wenye noti nyingi za kasi hauna pa kukaa humo. Mpigaji hulazimika kushika noti moja, kuisikia ikibadilika maana jinsi kodi zinavyopita, na kungoja.

Je, ushahidi upo kwamba swali jipya lilimbadilisha? Upo wa kiasi. Agosti 1964 Shorter alirekodi albamu "JuJu" akiwa na McCoy Tyner na Elvin Jones, piano na ngoma za Coltrane mwenyewe, na kivuli cha Coltrane kinasikika. Tarehe 24 Desemba mwaka huohuo alirekodi "Speak No Evil", yenye "Infant Eyes". Jones yumo tena, lakini kivuli kimepungua sana. Haki inadai tuseme pia kwamba piano sasa ilikuwa ya Herbie Hancock, na kwamba katikati ya miezi hiyo Shorter alijiunga na bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis. Tena nyimbo za "JuJu" nazo ni zake. Kutunga peke yake, basi, hakutoshi. Inategemea wimbo unamnyima mtunzi mazoea gani.

Pingamizi moja ni zito: anayejitungia anaweza kujijengea chumba cha kuficha udhaifu wake. Naliheshimu, lakini Shorter analijibu. "Footprints" ya 1966 hupigwa na watu wa kila chombo, na wimbo wa kujifichia usingewafaa wengine.

Mwaka 1967 bendi ya Davis ilirekodi "Nefertiti", utunzi wa Shorter. Tarumbeta na saksafoni zinarudia tuni ileile tangu mwanzo hadi mwisho, bila kubuni chochote, huku ngoma za Tony Williams zikichemka chini yake. Shorter habuni hata noti moja, na bado unamtambua.