Bibi Watatu na Waya Mmoja

Haya, wajukuu, sogeeni karibu. Hadithi ya leo inaanzia juu ya paa la hoteli, katika mji wa Astoria, jimbo la Oregon huko Marekani, mwaka 1948. Mji huo uko pale mto Columbia unapoingia baharini. Kituo cha televisheni kilichokuwa karibu nao zaidi kilikuwa Seattle, zaidi ya kilomita 150, na katikati vilima vimejipanga. Bwana mmoja, Ed Parsons, aliyekuwa na kituo cha redio pale mjini, alikuwa na mke aitwaye Grace. Grace alitaka televisheni. Parsons akatembeatembea na antena mpaka akagundua kwamba paa la hoteli ya John Jacob Astor linanasa mawimbi, akaisimika pale, akavuta waya kuvuka barabara hadi nyumbani kwake. Tarehe 25 Novemba 1948 kituo cha Seattle kilipofungua matangazo, picha ikaonekana sebuleni kwa akina Parsons.

Kilichofuata hata kwetu tumekiona, kila mtaa uliowahi kuwa na televisheni moja. Watu walijaa. Asubuhi wageni, jioni wageni. Mwishowe Parsons akauvuta waya mpaka kwenye ukumbi wa hoteli, kisha dukani, kisha kwa majirani. Ndiyo televisheni ya waya hiyo. Wako watu wa Pennsylvania wanaosema wao ndio waliotangulia. Ugomvi huo tuwaachie wenyewe.

Waya ule ulikuwa na raha yake. Picha iliyotazamwa na nyumba moja ndiyo hiyohiyo iliyotazamwa na nyumba mia, na kuongeza nyumba ya mia na moja hakukula nafasi hata kidogo. Taabu ilianza siku mtu aliposema: sitaki filamu yenu ya saa tatu usiku, nataka yangu, sasa hivi, na nikienda jikoni inisubiri.

Kwa nini hiyo ni taabu? Kwa sababu waya una upana wake. Mawimbi husafiri ndani yake yakiwa na masafa mbalimbali, na kila chaneli hupewa kipande chake cha masafa ili isiingiliane na jirani. Marekani kipande hicho ni megahezi 6. Huku kwetu ni 8. Miaka ya 1990 waya mzuri wa mji wa Marekani ulifika megahezi 750. Sehemu ya chini iliachwa kwa ujumbe unaotoka nyumbani kurudi kituoni, na picha zilianzia megahezi 54. Toeni 54 katika 750, gawanyeni kwa 6. Mnapata chaneli 116. Ukilipa zaidi, ukilalamika, ukimpigia meneja simu, ni 116 tu.

Kisha ikaja dijitali, na mambo yakalegea kidogo. Wale mnaokumbuka Dar es Salaam ilivyozima analojia usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, kila nyumba ikihangaika kutafuta king'amuzi, mnajua dijitali hufanya nini: hupakia vituo vingi pale palipokaa kituo kimoja. Kwenye waya wa Marekani, kipande kimoja cha megahezi 6 kiliweza kubeba karibu megabiti 39 kwa sekunde. Filamu ya ubora wa kawaida ilihitaji megabiti zisizofika 4. Kwa hiyo filamu kumi katika chaneli moja, na filamu 1,160 katika waya mzima. Mtasema ni nyingi. Ngojeni.

Tarehe 14 Desemba 1994, kampuni ya Time Warner, chini ya mkuu wake Gerald Levin, ilizindua huko Orlando, Florida, mradi ulioitwa Full Service Network. Lengo lilikuwa nyumba 4,000. Kila nyumba ilipewa king'amuzi ambacho ndani yake kilikuwa kompyuta hasa, cha kugharimu maelfu ya dola, ili mtu achague filamu, aisimamishe, airudishe nyuma. Watu waliipenda. Hesabu haikuipenda, na mwaka 1997 mradi ukafungwa. Lakini maswali yaliyoulizwa Orlando yalibaki, na kubwa lao ni hili: mji una nyumba 20,000, Jumamosi usiku nyumba moja kati ya kumi inataka filamu yake peke yake. Hizo ni filamu 2,000. Nafasi ni 1,160, na hapo hamjaweka taarifa ya habari wala mpira.

Hapa ndipo nawataka bibi. Tuseme kuna hadithi ya sehemu saba, kila sehemu dakika kumi. Watoto wanafika kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja anataka kuisikia tangu mwanzo bila kukatizwa. Ukimpa kila mtoto bibi wake, bibi hawatoshi. Unaweza kuweka bibi saba, kila mmoja akianza dakika kumi baada ya mwenzake na kurudia akimaliza. Hapo hakuna mtoto atakayesubiri zaidi ya dakika kumi, hata wakija elfu. Kampuni za televisheni zilifanya hivyohivyo: filamu moja kwenye chaneli kadhaa, ikianza upya kila robo saa au nusu saa. Ilifaa, ila ilikula chaneli.

Sasa sikilizeni werevu. Chukua bibi watatu tu. Bibi wa kwanza anasimulia sehemu ya kwanza; akimaliza, anarudia hiyohiyo, mchana kutwa. Bibi wa pili anasimulia ya pili na ya tatu, kisha anarudia. Bibi wa tatu anasimulia ya nne, ya tano, ya sita na ya saba, kisha anarudia. Na kila mtoto anakuja na simu mbili za kurekodi.

Anafika mtoto. Anamsubiri bibi wa kwanza aanze upya, dakika kumi zikizidi sana. Wakati huo bibi wa pili yuko kwenye sehemu ya tatu, na wa tatu yuko kwenye ya saba. Mtoto anasikiliza sehemu ya kwanza kwa masikio yake, huku simu moja ikirekodi ya tatu na nyingine ikirekodi ya saba. Naam, ameanza kwa kuuweka mfukoni mwisho wa hadithi! Dakika kumi zinapita. Anataka sehemu ya pili. Bibi wa pili ndiyo kwanza anaianza, basi anamsikiliza moja kwa moja, na simu inarekodi ya nne kwa bibi wa tatu. Anataka ya tatu, anayo. Inachezwa kwenye simu huku ya tano ikirekodiwa. Anataka ya nne. Anayo, na ya sita inaingia. Tangu hapo hana haja na bibi yeyote: ya tano, ya sita na ya saba zote ziko mfukoni. Jaribuni kumleta mtoto wakati mwingine wowote, bibi wakiwa sehemu yoyote. Hakwami.

Bibi watatu wamefanya kazi ya bibi saba. Mkiongeza wa nne, apewe sehemu nane, na hadithi igawanywe vipande kumi na tano. Wa tano, thelathini na moja. Wa sita, sitini na tatu. Filamu ya saa mbili ikikatwa vipande 63, kila kipande hakifiki dakika mbili, na huo ndio muda mrefu kuliko wote ambao mtu atasubiri. Bibi hao sita kwenye waya ni mikondo sita ya picha, ambayo haijazi hata chaneli moja ya dijitali, nayo inahudumia nyumba 20,000 au milioni mbili, ni yaleyale. Mpango huu wa kurudufisha ulichapishwa na watafiti Li-Shen Juhn na Li-Ming Tseng wa Taiwan mwaka 1998, wakifuata njia iliyofunguliwa na Viswanathan na Imielinski, ambao mwaka 1995 walitoa mpango wa aina hiyo walioupa jina la piramidi.

Mimi nikiutazama naona uzuri mtupu. Lakini kwenye waya za mijini haukushinda. King'amuzi kilihitaji mahali pa kuhifadhi karibu nusu ya filamu, na miaka ile diski ilikuwa ghali. Bibi pia hawajali kama kuna mtoto au hakuna: mikondo sita inaliwa usiku wa manane na filamu isiyotazamwa na mtu. Kwa filamu moja inayotakiwa na mji mzima, unafaa mno. Kwa maktaba ya filamu elfu, ni mikondo 6,000, na waya umeshatushinda. Halafu watu wenyewe wana tabia ya kurukaruka: nipeleke mbele, nirudishe pale alipoanguka.

Kilichoshinda ni jambo la kawaida kabisa: mji ulikatwa vipande. Badala ya ule waya mmoja wa shaba, uitwao koaxia, kuzunguka mji mzima, kampuni zilipeleka faiba, yaani uzi wa kioo unaobeba mwanga, hadi kwenye kisanduku cha kila mtaa wa nyumba kama 500, na koaxia ikaanzia hapo kuingia majumbani. Kampuni ya Zuku ilipowavutia watu wa Nairobi waya ilifuata mpangilio huohuo. Sasa pigeni hesabu upya. Nyumba 500, moja kati ya kumi inataka filamu yake: filamu 50, chaneli tano. Mtaa wa pili nao unatumia chaneli tano, masafa yaleyale, bila kugombana na wa kwanza, kwa sababu waya zao hazikutani. Mitaa 40 ya mji ule wa nyumba 20,000 inahudumiwa na chaneli tano zilezile mara arobaini. Zinazobaki 111 ni za habari, mpira na katuni zenu.

Tuingie ndani kidogo. Unapobonyeza rimoti, king'amuzi kinatuma ujumbe mfupi kupitia ile sehemu ya chini ya waya. Kituoni kuna programu ya kompyuta, niiite msimamizi. Anauliza: huyu ni wa mtaa gani? Anatazama chaneli tano za mtaa huo, anaona ipi ina nafasi, anaiweka nafasi hiyo kwa jina lako, anaiamuru kompyuta yenye filamu ianze kuimimina, kisha anakijibu king'amuzi chako: nenda masafa fulani, chukua mkondo wa nne. Ukisimamisha filamu na kupotea, baada ya muda anaitwaa nafasi na kumpa mwingine.

Msimamizi huyu ana akili ya kupanga. Tuseme kila chaneli kati ya zile tano imebakiwa na nafasi mbili. Jumla ni nafasi kumi. Anakuja mtu anayetaka filamu ya ubora wa juu, ambayo hula nafasi nne za kawaida. Hapati! Nafasi kumi zipo, ila zimetawanyika mbilimbili, na filamu haikatwi ikagawanywa chaneli mbili. Ndiyo maana msimamizi mzuri hujaza chaneli moja kwanza ndipo afungue nyingine, ili ibaki chaneli tupu ya kumpokea mgeni mkubwa.

Na nafasi zikiisha? Anakataa. Unaona maandishi kwenye kioo kwamba ujaribu baadaye, na unakasirika. Lakini angemwingiza mtu wa kumi na moja kwenye chaneli ya watu kumi, picha za wote kumi na moja zingekatikakatika. Intaneti ya kawaida haimkatai mtu mlangoni. Humpunguzia kila mmoja, picha ikapoteza ubora kidogokidogo, mpaka kiduara kinaanza kuzunguka kwa wote. Mimi naona kukataliwa mapema ni heshima zaidi.

Baadaye mafundi wakajiuliza swali jingine: chaneli za kawaida nazo, zile 111, zote zinatazamwa? Katika mtaa wa nyumba 500 zilikuwepo ambazo jioni nzima hazikufunguliwa na mtu. Wakaanza kutuma tu kile ambacho angalau nyumba moja ya mtaa imekiomba. Akija wa pili kukiomba, anaunganishwa kwenye mkondo uleule bila kuongeza kitu, kama wageni wa akina Parsons sebuleni.

Bibi nao wanawasubiri bado. Chukueni penseli na karatasi, gawanyeni hadithi vipande kumi na tano, wawekeni bibi wanne, kisha mleteni mtoto katika saa mbaya kuliko zote mnazoweza kubuni. Mkimkuta amekwama, mmemkosesha bibi mmoja zamu yake, rudieni hesabu.