Wachimbaji wa Yiwu na silaha za kung-fu

Wengi wetu tulijulia silaha za Wachina mu filme: mutu mumoja na upanga, adui makumi mbili, anaangusha wote. Kuangalia ni muzuri. Lakini habari ya kweli iko ingine, na ndani yake muko wachimbaji.

Mu kung-fu kila silaha iko na mafundisho yake: hatua, kupiga, kukinga, kugeuka, vyote vinafuatana, na mwanafunzi anavirudilia mpaka mwili unavishika. Wachina wanaita taolu. Silaha kubwa ziko ine: fimbo, dao (upanga wa makali upande mumoja), jian (upanga wa makali pande mbili) na mukuki, ule wanaita mufalme wa silaha. Wanasemaka: fimbo mwezi moja, upanga mwaka, mukuki maisha yote.

Sasa tufike ku Yiwu, jimbo la Zhejiang. Mwaka 1558, watu wa Yongkang walikuja kuchimba madini ya feza ku mulima wa pale. Wenye inchi walikataa. Wakapigana vikali, wengi walikufa. Jenerali Qi Jiguang, mwenye kuteswa na wanyang'anyi wa bahari, alisikia ile habari. Mwaka 1559 akaenda kuandika maaskari kule kule, wakulima na wachimbaji. Watu wa muji wenye maneno mingi hakuwataka. Alitafuta wenye mikono migumu.

Hakuwafundisha kila mutu peke yake. Aliwapanga kikundi kikundi, watu kumi na mbili. Mbele mukubwa wao, kisha wawili wa ngao. Wawili wenye langxian, ni kusema muti murefu wa mwanzi wenye matawi, wa kuzuia adui asikaribie. Wane wa mikuki. Wawili wa uma ya chuma, kulinda wale wa mikuki. Na mupishi. Vijana wepesi walipewa ngao. Wenye nguvu nyingi, mwanzi. Mwaka 1561, ku Taizhou, wakashinda wale wanyang'anyi.

Qi aliandika kitabu, Jixiao Xinshu, na ndani alikataza michezo ya kurembesha: inapendeza macho, lakini ku vita haisaidie kitu.

Leo taolu iko sport. Muchezaji anaingia peke ku tapi ya metre 14 kwa 8, wahakimu wanamupa pointi. Hakuna ubaya, mwili unapata nguvu na akili inatulia. Lakini vijana wetu wenye kujifunza wajue: ule mukuki walioshika, zamani ulikuwa na ngao mbele yake. Mwenye ngao akikimbia, wa mukuki anakufa.

Sisi wa sendika hatuhitaji mutu atuelezee sana ile. Chini ya udongo, mwenye kutoboa jiwe anatumika na roho ya kutulia juu mwenzake alishapima dari mbele yake.