Uzi: Wananchi wakisafisha soko wenyewe, kaunti inabaki na kazi gani?

Kila msimu wa kampeni picha ni zile zile. Mheshimiwa ameshika beleshi jipya, tisheti za rangi, mtaro umezibuliwa mita kumi, msafara umeondoka. Huku kwa maoni vita vinaanza: wengine "huyu ndiye kiongozi", wengine "hiyo ni kazi ya kaunti, ushuru wa soko tunalipia nini?" Pande zote ziko na kitu. Nitatumia Muthetheni, wadi moja kati ya sita za Mwala, kwa sababu huku Ukambani watu walikuwa wanajitolea kabla hata neno kaunti halijakuwa na maana ya leo.

Sheria kwanza, haraka. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaipa kaunti kazi ya kuzoa taka na kusimamia majaa. Kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi. Lakini Kifungu cha 69 kinasema pia kila mtu ana jukumu la kushirikiana na vyombo vya serikali kuyalinda. Kwa hivyo anayesema "hainihusu kabisa" na anayesema "tusiisumbue kaunti" wote wamesoma nusu ukurasa.

Sasa historia, na hapa ndipo utamu ulipo. Mwethya mnaijua: majirani wanakusanyika wanalima shamba la mmoja, kesho la mwingine. Miaka ya 1930 udongo wa Machakos ulikuwa unaisha kwa mmomonyoko. Serikali ya kikoloni ikaamua dawa ni kupunguza mifugo kwa nguvu, na mwaka 1938 watu wakafunga safari hadi Nairobi kupinga. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja kuchimba matuta kwa lazima, chifu akisimamia. Watu waliichukia hiyo kazi, na unaelewa kwa nini.

Miaka ya 1950 mambo yakabadilika. Kazi ikapitia vikundi vya mwethya, wengi wao akina mama, wakichagua viongozi wao wenyewe. Wakulima nao wakapendelea matuta ya fanya juu, yale ya kutupa udongo upande wa juu wa mtaro, na matuta yakaenea. Tiffen, Mortimore na Gichuki walichapisha utafiti wao mwaka 1994: kati ya 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka kutoka takriban 240,000 hadi milioni 1.4, na bado mmomonyoko ukapungua. Si kujitolea peke yake kulikofanya hivyo (soko, kahawa na pesa za waliofanya kazi mjini zilichangia), lakini angalia tofauti: jembe lilikuwa lile lile, kilichobadilika ni nani anaamua.

Ndiyo maana mtu akisema "tuige Rwanda" mimi nasita. Umuganda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, imeisaidia Rwanda kuwa safi, sawa. Lakini ni lazima kisheria. Huku kwetu lazima ilishajaribiwa.

Na malipo je? Mwaka 2020, wakati wa korona, Kazi Mtaani iliajiri vijana wa mitaa ya mijini kufagia na kuzibua mitaro. Awamu ya pili ilikuwa shilingi 455 kwa siku. Hiyo ilikuwa ajira, na iitwe ajira. Tatizo ni pale kijana anaambiwa "jitolee kwa jamii yako" afanye kazi ya kila siku ambayo kaunti imeitengea bajeti. Huo si uzalendo, ni mshahara wa mtu umepotelea mahali.

Sasa, kusaidia wanaojitolea maana yake nini hasa? Si tisheti. Chukua soko lolote dogo. Kikundi kinafagia asubuhi, kinajaza magunia ishirini. Lori la kuyachukua lisipokuja, ndani ya siku mbili mbuzi wameyapasua na nailoni ziko mtaroni tena. Mvua za Novemba zikianza, maji yanaingia dukani. Watu watarudi mara ya pili, labda ya tatu. Ya nne hawaji, halafu tunawaita wavivu.

Kwa hivyo lori lenye siku maalum, jaa lililotengwa, glavu na gambuti. Na matibabu: sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007 imeandikwa kwa ajili ya waajiriwa, kwa hivyo mama anayejitolea akichomwa na sindano ndani ya taka, hospitali anajilipia. Hili kwenye midahalo sijaliona likiulizwa hata mara moja.

Swali la kumpa mgombea yeyote ni rahisi: umeweka shilingi ngapi, kwenye mstari gani wa bajeti, na lori litakuja siku gani? Kalenda iko wazi. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya hapo kuna vikao vya kushirikisha umma. Kikundi kikienda na picha za mitaro, idadi ya magunia na tarehe ambazo lori halikuja, karani inabidi aandike. Mkienda baada ya Juni, mtapewa soda.

Mlio Masii, Wamunyu na Mbiuni, kwenu lori linakuja siku gani?