Tableti Dukani: Rekodi Ziweke Humo, PIN Ibaki Kwako

Je, tableti itasaidia biashara yako, au itakuwa kitu kingine tu cha kuchaji? Sisi tunasema inasaidia, mradi ujue kazi yake na mipaka yake.

Ifanye daftari. Kila mauzo yaandike: bidhaa, bei, na kama mteja amelipa cash au kwa simu. Madeni pia. Jioni, linganisha jumla yako na malipo yaliyoingia kwenye till. Pesa ikipungua utajua siku hiyo hiyo, si mwisho wa mwezi wakati hakuna anayekumbuka kitu. Chagua programu inayohifadhi nakala mtandaoni, ndio tableti ikiibiwa rekodi zisipotee nayo.

Toa ankara. Ankara za eTIMS za KRA unaweza kuziandaa kwenye tableti, na kioo kikubwa kinapunguza makosa ya kuandika. Mteja mwenye biashara atakuomba ankara hiyo, kwa sababu tangu Januari 2024 anaihitaji, kwa kawaida, ili gharama yake ikubaliwe anapohesabu ushuru.

Thibitisha malipo upande wako. Tuseme ni Jumamosi, foleni ni ndefu, na mteja anakuonyesha ujumbe kwenye simu yake: "Nimetuma." Usimpe mzigo bado. Ujumbe kama huo mtu anaweza kujiandikia. Angalia kwanza kama pesa imeingia kwenye till yako.

PIN isikae kwenye tableti. Tableti ya kaunta hushikwa na kila mtu: mfanyakazi, mtoto akitoka shule, hata mteja anayetaka kuona picha ya bidhaa. Usiandike PIN humo, na usiitumie kama namba ya kufungua kioo. Mfanyakazi anahitaji kuona malipo yaliyoingia. Hahitaji uwezo wa kutoa pesa.

Kabla ya kununua, weka laini yako na ujaribu. Tableti nyingine hazina nafasi ya laini kabisa. Nyingine zinapokea laini lakini ni za intaneti pekee; hazipigi simu wala kukubali namba za nyota kama *222#. Kama ndivyo, bado utahitaji simu yako kando.

Na kumbuka: hatutawahi kukupigia simu kukuuliza PIN. Anayeuliza, kata simu.