Homa ya Manjano na Ini: Yanayotokea Kabla Macho Hayajabadilika Rangi

Wakazi wa Manchira na wa vijiji vingine vya wilaya za Serengeti na Tarime huvuka mpaka wa Sirari kwenda Kenya kwa biashara au kuwazuru ndugu. Mwezi Machi 2022 Serikali ya Kenya ilitangaza mlipuko wa homa ya manjano katika Kaunti ya Isiolo. Isiolo ni mbali na Sirari, lakini virusi husafiri ndani ya damu ya abiria. Tunaeleza hapa namna ugonjwa huu unavyoliharibu ini, kwa kuwa mnunuzi wa dawa anapaswa kulijua hilo kabla ya kufungua pochi.

Virusi huenezwa na mbu aina ya Aedes, ambaye huuma mchana. Wapo wanaolisingizia bwawa. Kumbe mbu huyu hupendelea maji machache yaliyotuama katika pipa, tairi kuukuu, hata makwapa ya majani ya mgomba. Huko Bwamba, magharibi mwa Uganda, watafiti walibaini kwamba tumbili waliotoka msituni kuiba ndizi waliacha virusi kwa mbu wa migombani, na mbu hao wakawaambukiza wakulima.

Siku tatu hadi sita baada ya kuumwa, homa huanza ghafla, pamoja na maumivu ya kichwa na mgongo na kichefuchefu. Wengi hudhani ni malaria. Wakati huo virusi vimekwisha kufika kwenye ini. Hushambulia kwanza seli zinazolinda na kusafisha damu ipitayo humo, kisha huingia katika seli zenyewe za ini, nazo husinyaa na kufa.

Siku ya tatu au ya nne homa hushuka na mgonjwa huomba uji. Walio wengi hupona hapo. Lakini kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya saba, nafuu hiyo hudumu siku moja au mbili tu, kisha homa hurudi kwa ukali. Ini lililoumia haliwezi tena kuondoa katika damu rangi ya manjano itokanayo na chembe nyekundu zilizozeeka, na rangi hiyo hujitokeza machoni na kwenye ngozi. Vilevile ini ndilo linalotengeneza protini za kugandisha damu. Zinapopungua, fizi na pua hutoka damu, na matapishi huwa meusi. Figo nazo hudhoofika. Karibu nusu ya wanaofikia hatua hii hufariki ndani ya siku 7 hadi 10. Wanaonusurika, ini lao kwa kawaida hujijenga upya bila kuacha kovu.

Hakuna dawa iuayo virusi hivi. Hospitali humpa mgonjwa maji na kuvisaidia viungo vyake. Kwa hiyo atakayekuuzia dawa ya kutibu homa ya manjano anakudanganya. Usinunue aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni kwa homa isiyojulikana, kwa maana huongeza hatari ya kutokwa damu. Parasetamol ikizidi kipimo huliumiza ini, na mitishamba isiyo na kipimo yaweza kulidhuru pia. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya, na mhudumu aelezwe safari zake zote, hata ile ya siku moja.

Kinga ni chanjo ya sindano moja, na tangu Julai 2016 cheti chake hutambuliwa kwa maisha yote ya aliyechanjwa. Wajawazito, wazee wa miaka 60 na zaidi, na wenye upungufu wa kinga wamwone daktari kwanza. Wapo wauzao cheti bila sindano. Mnunuzi huyo huvuka mpaka akiwa na karatasi, na ini lake halina ulinzi wowote. Kabla ya kuondoka kituoni, hakikisha cheti kina jina lako kamili, tarehe, namba ya toleo la chanjo, saini na mhuri. Cheti huanza kutumika siku ya 10 baada ya sindano. Ukiahidiwa cha kusafiria kesho, kikatae.